Gauni Lililokwama Kwenye Fremu

Watu walimwita Mama Nyuzi, na jina lilimkaa. Ukimkuta sokoni ana kipande cha uzi begani, ukimkuta msibani anacho kwenye nywele. Alidarizi kwa mkono tangu usichana wake. Macho yalipoanza kumchosha, akanunua mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, akaiweka chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mashine ikimaliza ua, yeye hupiga makofi kama mtoto, hata mteja akiwa amesimama hapo na haraka zake.

Asubuhi hii hakukuwa na makofi. Gauni la harusi lilikuwa limebanwa kwenye fremu ya mashine, maua yamefika nusu ya kifua, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikauliza swali moja tu: Anza upya? Akikubali, sindano itapiga juu ya maua yaliyokwisha kudariziwa na kuyavuruga. Akilitoa gauni kwenye fremu, hatalirudisha pale pale, na ua litapinda mbele ya wageni wote.

Na gauni lenyewe halikuwa la kununua jingine. Lilikuwa la wifi yake, dada wa mumewe. Aliolewa nalo, akabaki nalo baada ya kufiwa na mume, na kesho binti yake angelivaa. Wifi mwenyewe ndiye huyo, kasimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Kwa hiyo limeharibika," akasema.

"Halijaharibika, wifi. Limekwama."

"Kwangu ni yale yale. Nitolee, nimpelekee yule fundi wa mkono ng'ambo ya barabara. Nimeshaongea naye."

Maneno hayo yalimchoma Mama Nyuzi. Fundi wa mkono alikuwa yeye, zamani, na wa kusifika! Lakini akameza mate, akasema, "Nipe mpaka saa sita. Ikishindikana, nalitoa mwenyewe na nakubebea mpaka kwake."

Wifi akavuta kiti, akakaa na mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Programu ya mashine ilikuwa na sehemu ya Msaada, kurasa chungu nzima za Kiswahili, na juu yake kisanduku cha kutafutia. Mama Nyuzi hakuwahi kukigusa. Sasa akakisogelea kwa heshima zote, akaandika: Samahani, naomba msaada, umeme umekatika na gauni liko kwenye fremu, nifanyeje, ahsante.

Majibu yakamwagika. Samahani, faili halikufunguka. Samahani, rangi haipo. Samahani, samahani, samahani, ukurasa kwa ukurasa.

Wifi alisimama nyuma yake kuchungulia, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Umekisalimia? Hukukiuliza habari za watoto?"

"Nimelelewa vizuri," akajibu Mama Nyuzi, naye akacheka.

Chini ya kisanduku palikuwa na maandishi madogo: Namna ya kutafuta. Wakayasoma pamoja, vichwa vikikaribia kugongana. Ukiweka maneno ndani ya alama za kunukuu, utaletewa yale yale kwa mpangilio ule ule. Ukiweka alama ya kutoa mbele ya neno, kurasa zenye neno hilo zitaachwa. Na kinyota kinashika nafasi ya neno usilolijua.

"Jaribu hizo za kunukuu," wifi akasema.

"Umeme umekatika", ndani ya alama. Hakuna kilichopatikana. Waliotengeneza mashine, inaonekana, kwao umeme haukatiki. Akaondoa alama, akaandika umeme kukatika, na zikaja kurasa tele, karibu zote za uzi: uzi kukatika, uzi kuisha, uzi kuchomoka.

Hapo Mama Nyuzi akajipiga paja. Mteja akija kwake na kusema anataka maua, yeye haandiki kitu. Humuuliza kwanza, "Usichotaka ni nini?" Hapo ndipo mtu hufunguka: sitaki makubwa, sitaki ya njano, sitaki yanayofanana na ya jirani. Kazi yake yote aliijenga juu ya swali hilo, na kumbe kisanduku nacho kilikuwa kinalingoja!

Akaweka alama ya kutoa, akaibandika mbele ya neno uzi. Zile kurasa tele zikatoweka, zikabaki chache. Akapiga kelele ya furaha.

"Zinasemaje?" wifi akauliza, kiti ameshakisahau.

Zilisema namna ya kuchomeka waya ukutani. Furaha ikashuka, lakini haikufika chini.

"Sasa, wifi, sisi hatujui wao wanakuitaje kukatika kwa umeme. Lakini tunajua tunataka nini. Tunataka kuendelea."

"Hapo penye baada ya nini, weka kinyota!"

Akaandika, ndani ya alama: "kuendelea baada ya *". Kuendelea baada ya kubadili rangi. Kuendelea baada ya kubadili sindano. Kisha, mstari wa tatu: Kuendelea baada ya mashine kuzimika ghafla.

"Ndiyo hiyo!" wakasema wote wawili, kwa sauti iliyomfanya mpita njia ageuke.

Maelezo yalikuwa mafupi. Usikubali kuanza upya. Chagua Rejesha kazi. Rudi nyuma mishono michache, kisha endelea. Mama Nyuzi akafuata moja moja. Fremu ikajisogeza yenyewe, gauni likiwa juu yake, kushoto, mbele, kidogo tena kushoto, ikatulia. Wifi alikuwa amemshika mkono, na kucha zake zilimuumiza.

Sindano ikashuka. Ikaingia pale pale lilipokatikia jani, ikaanza kutembea, na jani likaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama Nyuzi akapiga makofi, na safari hii hakuyapiga peke yake.

Wifi akatoa simu, akampigia fundi wa ng'ambo. "Dada, usinisubiri," akasema, akakata. Akaitazama sindano.

"Wifi, hii inaandika majina?"

"Inaandika vizuri sana."

"Niwekee la baba yake bi harusi. Ndani ya pindo, kusikoonekana. Aliitaka sana siku hii."

Mama Nyuzi akainuka. Akasogea, akamwachia kiti. Wifi akaandika jina la mumewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akabonyeza. Lakini alikuwa ameliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na kikamjibu: Hakuna kilichopatikana.

Wifi akabaki ameyakodolea macho maneno hayo.

"Siyo huko, wifi," Mama Nyuzi akasema, akamfungulia ukurasa wa herufi za kudarizi. "Liandike hapa."