Saa Moja ya Kimbeere

Mwalimu wa chuo alinikuta nikikanda unga. Hapa Nchiru nauza chapati na madondo, yaani maharagwe, mbele ya hosteli, na yeye hupitia kwangu asubuhi kabla ya darasa. Siku hiyo hakununua kitu. Alisema anafundisha somo la lugha, mamlaka na utandawazi, na anataka wanafunzi wake waonje, si kusoma tu, vile mtoto anavyosikia akifundishwa kwa lugha asiyoijua. Kwa hivyo nije niwafundishe saa nzima kwa Kimbeere, lugha ya kwetu. Chochote, bila kutafsiri. Niulize maswali, na asiyejibu nimsimamishe ukutani.

"Madam, mimi niliishia fomu foo."

"Na Kimbeere kiliishia wapi, Mama Chapo?"

Nilikubali, lakini si kwa ajili yake. Mimi ni wa Gachoka. Nilikuja huku Meru nikifuata kazi ya mume wangu, halafu yeye akaenda Qatar kuwa bawabu, nikabaki na chumba kimoja na msichana wetu wa miaka minne. Lugha yangu sina wa kuongea naye. Majirani wananielewa nusu, nusu nyingine wanacheka ninavyotamka, nikaona heri niwajibu kwa Kiswahili. Mama yangu hunipigia Jumapili, lakini ile si kuongea, ni kuulizana kama mko wazima.

Na mtoto? Baba yake alikataza. Alipiga simu akasema huko anayejua Kizungu anasimama ndani penye baridi, asiyejua anasimama langoni juani. Yeye ni wa langoni, na mtoto wake hatasimama jua. Kwa hivyo Kizungu cha nasari na Kiswahili, basi. Nilitii kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kilio. Nikikumbuka sasa nakasirika. Jua la Qatar lilimchoma yeye, likaja kuninyamazisha mimi Nchiru.

Siku ya darasa nasari ilikuwa imefungwa, nikaenda na mtoto, nikamkalisha kiti cha mbele. Madam aliwatoa nje wote wa pande za Mlima, Wameru, Waembu, Wakikuyu, maana wangeelewa. Walitoka wakicheka kama walioachiliwa kutoka shule mapema. Wakabaki wa ziwani, wa magharibi, wa kaskazini na wa Pwani.

Nilianza na ndengu. Vile tunazing'oa, tunazianika, tunazipiga kwa fimbo mpaka maganda yaachane nazo. Walikuwa wanaandika. Sijui walikuwa wanaandika nini. Kijana mmoja wa kofia nikamwambia mama yake hakuuza ng'ombe ili yeye aje kusinzia mbele yangu. Akatabasamu, akatingisha kichwa kama aliyekubali.

Hapo kitu kilifunguka ndani yangu. Ndengu nikaziacha. Niliwaambia nalala na sweta ya mume wangu na haina tena harufu yake. Niliwaambia nikiumwa watu wananiambia pole na hiyo pole inaishia mlangoni. Niliwaambia sijui kama atarudi, jambo ambalo hata mama yangu sijamwambia. Darasa zima lilinitazama kwa heshima, na hakuna neno hata moja lililowafikia.

Madam akanionyesha kwa mkono, maswali sasa. Nikamuuliza wa kwanza mama yake alimwambia nini walipoagana. Aligeuka kumtazama jirani yake. Nikamwonyesha ukuta. Wa pili, ukuta. Mwanzoni walicheka, halafu wakaacha.

Nilikuwa nimechoka. Nikamgeukia mtoto, na sikuwa nafundisha tena, nikamwambia kwa Kimbeere aje akae kwa mapaja ya mama. Mtoto yeyote wa Gachoka anajua maneno hayo kabla hajajua kutembea. Wangu alinitazama kwa uso ule ule wa kijana wa kofia. Kisha akashuka kwenye kiti, akaenda akasimama ukutani, mwisho wa mstari, mikono nyuma.

Wanafunzi waliguna kwa huruma. Madam akasema kwa Kizungu kwamba hiyo ndiyo picha kamili ya somo lake. Picha. Mtoto wangu.

Nilienda nikambeba. Wao wakaanza kusimuliana kwa Kizungu walivyojisikia: wadogo, wajinga, mmoja alisema alikasirika. Yalikuwa maneno mazuri, siwezi kudanganya. Halafu wakanipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimesema nini.

Jioni baba mtoto alipopiga nilimwambia kuanzia leo nitaongea na mtoto Kimbeere.

"Unataka asimame jua kama mimi?"

"Nataka hata akisimama jua ajue kunililia."

Nilisikia magari ya huko yakipita nyuma yake. Akasema zamu yake imefika.

Asubuhi nilipika uji. Mtoto akauomba kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kimbeere kwamba huu ni *ucuru*, aseme ucuru.

"Mum, ongea vizuri," akasema.

Nikarudia. Hakusema. Tulitazamana, hakuna aliyetaka kushindwa, mpaka uji ukaanza kupoa, na mtoto hawezi kushinda njaa kwa sababu ya hasira zangu. Nikampa. Lakini sikunyamaza. Nilimwambia kwa Kimbeere uji ni wa mtama, mtama umetumwa na nyanya yake, anywe pole pole. Alikunywa akinichungulia juu ya kikombe, mpole sana, kama mtoto aliyeachwa kwa mama wa mtu mwingine.