Pedali Iliyopumua

Gari lolote lililoingia gereji ya Fundi Sikio lilisomewa kesi kabla ya kuguswa na spana. Mwenye gari alikalishwa kwenye kiti kikuukuu cha lori kilichoegemezwa ukutani, akaulizwa alihisi nini, wapi, akiwa mwendo gani, huku fundi amesimama mbele yake kainamisha kichwa upande mmoja. Boneti ilisubiri. Waliompa jina hilo walikuwa wakimcheka: mwanamke aliyeanza kwa kuosha boliti kwa mafuta ya taa, eti anasikiliza magari. Sasa, miaka kumi na minane baadaye, wanaomcheka hupanga foleni nje na magari yao mabovu.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliingiza gari la zahanati, lile kongwe la kupandia milima, bampa ikiwa imepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Shemeji ndiye dereva wa zahanati, beki wa zamani mwenye mapaja kama vinu.

"Nyoosha bampa tu, shemeji," alisema. "Mengine ni ya ofisini."

Ya ofisini yalikuwa haya. Juzi dereva alilala na homa, mkunga akashika usukani kumfuata mjamzito huko mlimani. Waliporudi, gari lilikataa kusimama langoni, likaparamia nguzo. Hakuna aliyeumia, lakini mganga mfawidhi alikwisha kuandika barua ya kumnyang'anya mkunga ruhusa ya kuendesha, na alikusudia kuitia saini leo kabla ya jioni. Barua ikipita, siku dereva akiugua tena, mjamzito wa mlimani atabaki mlimani. Fundi hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Binti yake wa pili alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo.

Alimuuliza shemeji kuhusu breki. Shemeji akaapa kwamba amezipima asubuhi na zinakamata. Kosa ni mguu wa mkunga, alisema, mguu wa kukanyagia cherehani.

"Kaka yako anakanyaga cherehani kutwa," fundi akamjibu, "na suruali uliyovaa imetoka hapo."

Kisha akaagiza mkunga aitwe, maana kesi haisikilizwi bila shahidi. Mkunga akaja, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, na nyuma yake mganga mfawidhi mwenyewe, viatu vinang'aa, amekuja kuhakikisha jambo halirefushwi. Fundi alimkalisha mkunga kwenye kiti cha lori. Akamuuliza kama alivyouliza wote: ulihisi nini?

Mkunga alimtazama bosi wake kwanza. Halafu akasema pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na kila alipoikanyaga ilipumua.

"Inapumuaje, mwanangu?"

"Sss. Kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nilimwambia dereva tangu mwezi uliopita, akasema nina masikio ya wodini."

Shemeji akaanza kucheka, lakini fundi hakucheka, na kicheko kikafia njiani. Moyoni fundi alikuwa amechomwa. Mara mbili gari hilo lilikuja kwake na malalamiko ya breki nzito kidogo. Mara mbili alibadilisha pedi, akatoa hewa kwenye mabomba, akamwachia dereva kulijaribu mwenyewe barabarani kama ilivyo desturi. Mara zote mbili dereva alirudi akasema safi. Yeye, Sikio, alikuwa amesikiliza mdomo mmoja tu.

Akapanda kwenye gari. Injini ikiwa imezimwa, alikanyaga breki mara tano mpaka pedali ikakaza, akaacha mguu juu yake, akawasha. Aliwaeleza waliosimama kwamba injini ikishaamka pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya unyayo, maana ndipo servo inapoanza kumsaidia dereva kusukuma. Haikuzama hata unene wa kucha. Ilipumua tu: sss. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa bomba la kufyonza hewa na kuliziba kwa kidole gumba. Bomba lilimng'ang'ania kidole kama mtoto anyonyaye. Basi pampu ya kufyonza hewa ilikuwa nzima. Iliyokufa ilikuwa servo, lile duara jeusi la bati mbele ya pedali ya breki.

Mganga alisema anaheshimu ufundi, ila dereva amekuwa akilisimamisha gari hilo kila siku. Fundi akamkaribisha kwenye usukani, uani, penye tambarare, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, akamchorea chaki chini mahali pa kusimama. Mganga akaja, akakanyaga. Gari likapita chaki. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, akanyanyuka kitini mpaka kichwa kikagusa paa, na gari likasimama hatua tatu mbele, viatu vinang'aavyo vyote viwili vikiwa juu ya pedali moja.

Fundi alisogea dirishani.

"Nawe nikuandikie barua, Daktari?"

Mganga alishuka polepole. Barua ilikuwa mfukoni mwake. Aliitoa, akaichana mara mbili, akatafuta pa kuitupa mpaka mkunga akampa ndoo ya matambara. Ndipo fundi akasema mbele ya wote kosa lake la mara mbili, bila kulipunguza. Shemeji aliinama. Akakiri kwamba mguu wake ulikuwa umeizoea ile pedali, ukizidisha nguvu kila wiki bila yeye kujua, na pia kwamba huzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Fundi akamwambia injini ikizimwa servo husaidia mara moja mbili tu kisha basi, hata iwe mpya. Amekuwa akishuka mlima kwa goti lake peke yake.

Mganga aliomba gari litumike japo siku chache, mpaka servo mpya ifike. Fundi akatia ufunguo mfukoni mwa ovaroli. "Halitoki," alisema, na zahanati ikaazima gari la shule.

Servo ya zamani ilipofunguliwa, mpira wake wa ndani ulikuwa umevimba na kuchanika, umelowa mafuta ya breki yaliyovuja kutoka masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo hadi magurudumuni; basi vyote viwili vikabadilishwa. Siku ya nne shemeji akawa wa kwanza kujaribu. Alikanyaga kwa mguu wake ule ule wa beki, na gari likasimama ghafla hivi kwamba kifua chake kikapiga honi. Uani watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kisha mkunga akashika usukani, fundi kando yake, shemeji nyuma. Walipanda mlima, wakageuza, wakashuka injini ikinguruma. Katikati ya mteremko mzee mmoja akaingiza barabarani mkokoteni wa matofali bila kuangalia. Mkunga aligusa breki kwa ncha ya kiatu. Gari likainamisha pua, likatulia, na mzee akavuka bila kujua kitu.

Walipofika gerejini fundi akafungua mlango, akashuka; kulikuwa na lori linamsubiri. Gari lilikuwa likiendelea moja kwa moja kumchukua mjamzito, na shemeji akataka kuhamia mbele.

"Kaa huko huko, Kaka," mkunga akasema, na sauti yake haikuwa ndogo tena. "Hapa mbele namwekea mama tunayemfuata."