Maji Membamba ya Shangazi

Kwa miaka ishirini na sita shangazi yangu aliosha vyombo vya kioo katika maabara ya kupima maji. Wataalamu walipima, wakaandika, wakapanda vyeo, yeye alisugua. Walimwita Mama Chupa. Alasiri, jua lilipopenya dirishani na mvuke wa maji moto ukajaa chumba cha kuoshea, mirija ilionekana kama inaelea hewani, naye katikati yake akisogea taratibu, kama mtu anayetembea usingizini.

Alikuwa na wazo lake. Maji yakiingia kwenye mrija mwembamba kama unywele, alisema, hubadilika tabia.

"Yanakuwa kama mgeni kwenye nyumba asiyoizoea. Anajibana ukutani, kimya, hatikisiki."

Aliyaita maji membamba. Ushahidi alikuwa nao: katika friza kuukuu ya maabara, ambayo baridi yake ilikuwa ya kubembeleza tu, maji ya kopo yaligeuka barafu, lakini ya kwenye mirija yake yalibaki yakiteleza.

Mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni na shahada ya fizikia, nilimwamini kabla hajamaliza kueleza. Tena nilikasirika. Nani alisema maji huzungumza na wenye shahada peke yao?

Ijumaa alikuwa anastaafu. Alitaka jambo moja: kabla hajakabidhi funguo, mkuu wa maabara ayatazame maji yake. Jumatano nikamsindikiza.

"Mama Chupa, maji yamekuambia nini leo?" fundi wa mizani alimtania mlangoni.

"Yamesema uoge."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mkuu hakucheka. Alichukua mrija mmoja, akapuliza tone juu ya kipande cha kioo, akaliacha likauke. Tulilitazama likinywea, dogo, dogo zaidi, mpaka nikahisi na sisi tunapungua pamoja nalo. Kisha akakiweka kioo chini ya darubini, akasogea kando.

"Tazama mwenyewe, mama."

Shangazi aliinama. "Kuna vijumba," alisema polepole. "Vya pembe nne. Vinang'aa."

"Ni chumvi. Maji ya chumvi huchelewa kuganda. Ukijaza mirija unaiziba kwa kitu gani?"

"Kwa kidole."

"Bila glavu?"

"Glavu huniteleza."

"Basi hilo ni jasho lako."

Nililipuka. "Mtu ameyatazama maji miaka ishirini na sita, mnamjibu kwa tone moja?"

"Nyamaza, mwanangu," shangazi alisema, jicho bado kwenye darubini. "Tone lenyewe ni langu."

Alhamisi, bila kuambiwa na mtu, alivaa glavu, akachemsha mirija, akaijaza upya. Niliomba kimoyomoyo maji yagome kuganda. Saa nane mchana alifungua friza. Mirija yote ilikuwa imeganda, miwili imepasuka.

Mkuu alimsogezea daftari la vipimo, ambamo shangazi hakuwahi kuandika hata neno. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa: "Maji membamba sikuyaona. Niliyaona maji yenye jasho langu." Akatia sahihi.

Kisha akainua mrija mmoja kwenye mwanga, macho yake mbali kabisa na pale tulipokuwa.

"Mkuu, hiyo chumvi inayafanya nini maji mpaka yachelewe kuganda?"

"Inajipenyeza katikati ya chembe za maji. Yanashindwa kujipanga."

"Kumbe yanajipanga? Yanajuaje nani akae wapi?"

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapo, mama," alisema, "hata mimi huwa napita haraka."

"Basi nitafutie chumvi," shangazi alisema, akivaa glavu nyingine. "Kesho bado ni siku ya kazi."