Chupa ya Kuramoto

Mama Tokiko ana miaka sabini na miwili, nyusi za kuchora na baa yenye viti saba katika uchochoro wa Juso, Osaka. Waume wawili ameachana nao. Baa hajaachana nayo. Nyuma ya kaunta kuna rafu yenye chupa za wateja wa kudumu, kila moja ina kibao cha jina shingoni. Mtu hununua chupa nzima, hunywa kidogo, inayobaki huirudia siku nyingine. Jina lako likiwa rafuni, wewe ni mwenyeji.

Chupa ya Kuramoto, fundi wa funguo, ina siri. Miaka miwili iliyopita daktari alimpigia marufuku pombe kwa sababu ya ini. Mkewe, Yasue, akaja mchana kwa kificho, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta.

"Mama, usimfukuze. Akishinda nyumbani ataninyaukia sebuleni. Ila asinywe."

Tangu hapo, kila alasiri Tokiko hupika chai ya shayiri, akaipoza, akaijaza kwenye chupa ya Kuramoto. Rangi ni ileile ya wiski. Ili pua nayo idanganyike, hupaka kitone cha wiski ya kweli kwenye ukingo wa glasi.

Na mzee hulewa! Glasi ya tatu tai inavuliwa, ya nne anaimba nyimbo za mapenzi kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Tokiko hukimbilia jikoni kucheka. Lakini hofu anayo: siku siri ikifichuka mbele za watu, Kuramoto ataona haya na hatarudi tena. Tokiko asingependa baa yake bila ile sauti mbaya.

Ijumaa moja akaingia Nagase, afisa mauzo kutoka Tokyo. Hiyo ilikuwa baa yake ya nne jioni hiyo, na shati lilikuwa limeshamtoka kwenye suruali.

"Mzee, nasikia wewe ndiye bingwa wa hapa," alimwambia Kuramoto. "Hebu nionjeshe hicho chako!"

"Bwana mdogo, ngoja nikufungulie mpya," Tokiko akadakia.

"Mpya ya nini, Mama? Mimi nataka ya mzee."

Kuramoto akammiminia glasi tele, bila maji wala barafu. Tokiko aliangusha kijiko makusudi, hakuna aliyegeuka.

"Nakuonya, kijana," Kuramoto alisema. "Hii ni ya pipa la zamani. Ninyi wa Tokyo mmezoea mchuzi wa tambi mweusi kama lami. Ulimi wako huenda usiipate."

Nagase akanywa. Akakunja uso, akaitazama glasi, kisha akaona kaunta nzima imemkodolea macho. Mtu wa Tokyo akiri mbele ya watu wa Osaka kwamba ulimi wake mbovu? Thubutu!

"Kali!" alisema, akakohoa. "Kali mno! Imenishuka mpaka kwenye soksi!"

"Si nilikwambia?"

Glasi ya pili ilimfanya ashike ukuta. Ya tatu ikawakuta wamekumbatiana, wanaimba wimbo mmoja kwa tuni mbili.

Nagase alipoondoka, Tokiko alishusha pumzi, akamshikia Kuramoto koti mlangoni. Mzee akamwinamia sikioni.

"Mama, shayiri ya leo umeiunguza kidogo."

Tokiko akamgeukia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu glasi ya kwanza. Ila mtu ananipikia kila siku, nimwambie aache?" Akafunga kifungo cha koti. "Halafu kile kitone cha ukingoni, usikipake tena. Daktari amekataza."

Tokiko akamchapa begani kwa kitambaa cha glasi, maana machozi yalikuwa yanamjia na hakutaka ayaone.

"Hebu nenda kwa mkeo, mlevi wee!"