Mdogo Wangu Hakuwa Tanga

Habari zenu wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mume na watoto wawili, nashona nguo hapa Hedaru. Admin, nifichie jina langu, lakini usinipunguzie maneno, maana na ukurasa huu umo ndani ya kisa hiki.

Mdogo wangu, nitamwita Elia, alikuwa mwanajeshi. Mwaka jana wakati wa masika alipewa likizo aje kumwona mama, anayeishi kijijini kwetu huko juu milimani. Alishuka kwenye basi asubuhi, akala makande kwangu. Barabara ya kupanda ilikuwa imekatwa na maporomoko, bodaboda haziendi. Nikamwambia alale kwangu, pengine kesho njia itapitika. Akacheka, akasema, "Dada, njia niliyopanda na kushuka tangu darasa la kwanza leo ndiyo inishinde?" Akavaa begi lake, akaondoka kwa miguu.

Kule juu mtandao ulikuwa umepotea. Mama alijua bado yuko kwangu, mimi nikajua ameshafika kwa mama. Siku ya tatu mama akapata mtandao, akanipigia. "Mdogo wako mbona hapandi?" Nikamwambia alipanda tangu juzi.

Tukatoa taarifa polisi na kikosini kwake. Mwenyekiti wa kijiji akawatoa mgambo na vijana, siku hiyohiyo wakaingia kwenye makorongo na kamba. Mimi nikaweka picha ya Elia kwenye kundi la wanakijiji, naomba msaada. Mkaichukua, mkaiweka hapa.

Maoni yenu niliyasoma yote. Mmoja alisema katoroka jeshi. Mwingine akasema mwanajeshi hapotei bure, lazima kuna mke wa mtu. Kuna aliyeandika eti hata macho yake yanaonyesha si mtu mzuri. Jioni ile mkaweka habari ya msomaji mliyemficha jina, anasema amemwona Elia kwa macho yake Tanga, yuko nyumba ya wageni na mke wa mtu, wanajiandaa kuvuka mpaka. Akamalizia kwamba dada yake anayelia mtandaoni anajua kila kitu.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti akanipigia. "Mama, vijana wamekataa kutoka. Wanasema hawawezi kuvunjika miguu kumtafuta mtu anayestarehe Tanga."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, hayo ni maneno ya mtandaoni."

Akasema, "Hata mimi nimeyasoma."

Tulibaki kutafuta mimi, mume wangu na baba mdogo. Mvua ikatufukuza siku hiyohiyo.

Siku ya tisa akina mama waliokwenda kukata majani ya ng'ombe walimkuta kwenye korongo, chini ya njia ya zamani. Mguu ulikuwa umevunjika. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa fimbo na mkanda wake. Daktari aliyeupima mwili alinivuta pembeni, akasema, "Huyu hakufa siku aliyoanguka. Aliishi siku tano, pengine sita." Vijana waliacha kutafuta siku ya nne.

Nilimwomba daktari yale maneno yaishie kwangu. Mama anaamini mwanawe aliteleza akafa palepale, na hiyo ndiyo nafuu pekee aliyonayo. Hata hivyo baada ya mazishi alipooza upande mmoja. Anayemuuguza ni binti wa shangazi yangu, nitamwita Neema. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza kitandani. Mama anamwita mwanangu. Na mimi kila Jumapili nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwezi uliopita Neema alishuka Hedaru, akaniachia simu yake nihamishe picha za msiba wakati yeye yuko sokoni. Nikiwa natafuta picha, nikakuta ujumbe aliouandikia ukurasa huu. "Nina habari za yule mwanajeshi, ila naomba mnifiche." Yote ya Tanga, neno kwa neno. Chini yake nikakuta amemwandikia rafiki yake, "Nimetunga tu, angalia watu wanavyochangamka."

Nilijitumia kila kitu. Aliporudi akauliza, "Dada, zimehama?"

"Zimehama zote," nikamjibu. Kisha nikamuuliza, "Hivi yule aliyeandika habari za Tanga alijulikana?"

Hata hakunyanyua macho. "Watu wa mtandaoni hawana utu, dada. Mwachie Mungu."

Neema anafunga ndoa mwezi ujao na mwinjilisti, na gauni namshonea mimi hapa. Kila nikikanyaga cherehani naona ule mkanda kwenye mguu wa Elia. Nataka siku ya harusi nigawe ujumbe wake mlangoni mwa kanisa, mmoja kwa kila anayeingia. Nataka picha yake iwekwe hapa, wageni wamjadili macho yake, aogope kushika simu, ajieleze na asisikilizwe.

Anayejua ni mume wangu tu. Yeye ananiambia, "Utamlipiza Neema, lakini mama ndiye atakayeumia." Ni kweli. Watu wakisikia ya Neema watauliza uongo wa Tanga uliuaje, na jibu litamfikia mama kitandani kwake, asubuhi ambayo Neema hayupo kumgeuza.

Lakini siwezi kumaliza gauni lile nikakaa kimya, na mama lazima ayasikie kwangu kabla hayajamfikia kwa watu. Kwa hiyo msinihubirie msamaha. Nawauliza ninyi, hasa mliocheka chini ya picha ya mdogo wangu, na majina yenu ninayo: nishaurini nianzie wapi kumwambia mama kwamba siku tulipoacha kumtafuta, mwanawe alikuwa bado anatungoja.