Wifi Yangu na Kibali cha Mama

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, kazi yake ni kuunganisha mifumo ya kompyuta. Ndiyo, najua, jina na kazi vimekutana. Kila mgonjwa anayenisikia nikiita "Wifi!" huniomba nenosiri, halafu hucheka peke yake. Mwaka wa kwanza nilicheka nao. Siku hizi nawaonyesha benchi tu.

Kituo chetu kinasafisha damu za watu ambao figo zao zimegoma. Mimi nakaa mapokezi. Yeye anakaa nyuma yangu, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio na mpaka leo kinanuka sabuni ya sakafu. Nyaya zake amezifunga mafungu mafungu kwa rangi, kiti chake kina mto alioushona mwenyewe, na mlango haufungi vizuri, kwa hiyo nasikia kila pumzi anayovuta. Ni mtaratibu kupita kiasi. Mimi nikikosana na mtu, mtaa mzima unajua. Yeye akikosewa huzungusha pete kidoleni na kuendelea na kazi.

Na anakosewa sana, maana kazi yake haionekani. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekumbuka kwamba yupo. Yakikwama, kila mtu anamtafuta yeye. Wa kwanza kutoiona kazi hiyo ni mama yetu mzazi, mkwewe, ambaye pia ni mgonjwa wa pale kituoni. "Mkwe wangu analipwa kutazama televisheni isiyo na picha," huwaambia wenzake wa benchini. Anasema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe una meno.

Jumatatu moja shirika la bima lilifunga njia ya zamani ya kuomba vibali vya matibabu. Kuanzia siku hiyo kila ombi lilitakiwa kupita njia mpya yenye ulinzi. Kompyuta yetu ilitakiwa ionyeshe cheti cha kuitambulisha, ilifunge ombi kwa ufunguo wake wa siri na kuligonga muhuri wa muda, ndipo kompyuta yao ilifungue na kujibu. Wifi alikuwa ameomba wiki nzima apewe nafasi ya kujaribu mapema. Wakamjibu kwa adabu nyingi kwamba njia itafunguliwa Jumatatu asubuhi, asiwe na wasiwasi. Kumwambia fundi asiwe na wasiwasi ni dalili mbaya.

Bila kibali, mgonjwa hakai kwenye kiti cha kusafishiwa damu. Na mama alikuwa amekosa zamu ya Ijumaa kwa sababu ya homa. Jumatatu aliingia akiwa amevaa kandambili za kaka, maana viatu vyake vilikuwa haviingii tena miguuni. Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Ilibidi asafishwe damu siku ile, si kesho yake. Nilimkalisha karibu na dirisha nikampa wifi jicho, naye akaitikia kwa kichwa.

Kwanza cheti kilikataliwa. Wifi akagundua kwamba watu wa bima walimtumia cheti kimoja wakasahau kingine cha kukithibitisha, akakitafuta, akakiweka. Kompyuta zikasalimiana, kufuli dogo likawa la kijani, na nikamsikia akishusha pumzi. Akatuma ombi. Likarudi. "Ombi limekataliwa. Sababu: usalama."

Basi, ni hayo tu. Usalama! Ni kama kumpelekea fundi viatu kiatu chako akakwambia kina tatizo la kiatu. Wifi akabadilisha aina ya ufunguo, akatuma, likarudi. Akabadilisha namna ya kutia sahihi, likarudi. Akasoma mwongozo wa shirika, ambao ulikuwa umeandikwa na mtu asiyewapenda wanadamu, akarekebisha alichoelekezwa humo, likarudi. Nilipochungulia, saa kwenye kona ya kioo cha kompyuta yake ilisomeka 4:10, na watu wa saa mbili bado walikuwa benchini wakininunia mimi, utadhani bima ni ya baba yangu.

Daktari, ambaye ndiye mwenye kituo, akaja akiwa na glavu mkononi.

"Tatizo nini? Juzi si ilikuwa inafanya kazi?"

"Juzi ilikuwa njia nyingine, Daktari."

"Basi zima huo ulinzi. Tupitishe watu kwanza, mengine baadaye."

"Nikiuzima hawatapokea. Na hata wangepokea, majina ya watu na magonjwa yao yangepita wazi, kila mtu asome."

"Sitaki hotuba. Nataka vibali."

Akaondoka. Wifi akazungusha pete. Mimi nilitamani kumrushia Daktari stepla, na sisemi kwa kutia chumvi, nilikuwa nimeishika.

"Mkwe wangu," mama akaita kutoka dirishani, akivuta pumzi katikati. "Bado tu... unatafuta stesheni?"

Benchi zima likacheka. Wifi akatoka, akachuchumaa mbele yake. "Mama, naomba univumilie kidogo."

"Mimi nakuvumilia. Miguu ndiyo haivumilii."

Wifi akaiangalia ile miguu. Ilikuwa inang'aa kwa kuvimba. Alirudi stoo karibu mbio, akapiga simu kwa shirika la bima, akawekewa muziki. Aliuweka kwenye spika ili mikono iendelee kufanya kazi, kwa hiyo sote tuliusikia: kinanda kilekile, na katikati yake sauti ya mwanamke akituambia kwamba sisi ni muhimu sana kwake. Mgonjwa mmoja aliuliza kama kinanda hicho nacho kinahitaji kibali. Sikucheka. Nilikuwa namtazama mama akilaza kichwa ukutani, na nilikuwa na hasira na kila kitu, na bima, na figo, hata na ule ukuta.

Mwishowe akapokea kijana, akitafuna kitu. Alikuwa mwenzake, fundi wa mifumo wa upande wa pili.

"Nawaona, dada," alisema. "Cheti chenu safi, ufunguo safi. Ila ombi lenu linafika likiwa limeshachacha."

"Limechachaje?"

"Muhuri unasema limeandikwa saa sita zilizopita. Sisi likipita dakika tano tunalitupa, tukihofia kuna mtu kalidaka njiani anataka kulitumia tena. Kwani mnayaleta kwa miguu?"

 Wifi akaniita kwa sauti ndogo.

"Wifi, sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama ukutani. "Tano na arobaini."

"Na kompyuta inasemaje?"

Nikaingia stoo, nikatazama kona ya kioo. 5:40. "Hiyohiyo. Tano na arobaini. Kwani vipi?"

 Wifi alijifunika uso kwa viganja. Ilinichukua muda kuelewa. Kompyuta haihesabu saa kama sisi, tangu kunapokucha. Inahesabu tangu usiku wa manane. Ilitakiwa iandike kumi na moja na arobaini. Asubuhi nzima ilikuwa inaamini kwamba jua halijachomoza, na asubuhi nzima sisi tuliitazama tukaona iko sawa, kwa sababu iliandika kile ambacho vinywa vyetu vingesema.

"Nani ameigusa saa ya mashine hii?" wifi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu nilimsikia akipaza sauti. "Nani?"

Daktari akatokea mlangoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni mimi."

Wifi alipokuwa likizo ya uzazi, mgonjwa mmoja, mzee mshona nguo, alipewa karatasi ya zamu inayofuata. Karatasi zetu huchapwa na kompyuta hiyo, nazo huandika saa ileile aliyofika mtu, na yake iliandika 8:00, yaani saa mbili asubuhi. Mzee akaja saa nane mchana. Viti vimejaa, zamu yake ya asubuhi imeshapita, akarudi nyumbani, na usiku huo alilazwa, maji yamejaa mapafuni. Daktari aliona uchungu. Kesho yake akairudisha saa ya mashine nyuma kwa saa sita, akazima na ule mpangilio wa kujirekebisha, ili karatasi ziseme kama wasemavyo wagonjwa. Tangu hapo hakuna aliyepotea. Alisahau kumwambia mtu yeyote.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Halafu nikamkumbuka mama pale dirishani, nikaweza.

"Karatasi nitazirekebisha zenyewe ziandike saa yetu," wifi alisema. "Lakini saa ya mashine, Daktari, nakuomba usiiguse tena."

"Siigusi," alisema Daktari, mpole kama mwanafunzi aliyekutwa koridoni.

Wifi akairudisha saa mahali pake. Ombi la kwanza kwenye foleni likaenda, likakubaliwa. La pili likakubaliwa. Vibali vikaanza kumiminika, nami nikaanza kuita majina, watu wakainuka wakijishika viuno, wauguzi wakawapokea mmoja mmoja, mashine zikaanza kunguruma. Kila nikiita nilitegemea jina linalofuata liwe la mama. Benchi likapungua. Likabaki na watu wawili. Likabaki na mama peke yake, ameshika tama, kandambili moja imemtoka mguuni.

Nikaingia stoo. Wifi alikuwa ameganda mbele ya kioo. Kilisema: "Kadi ya bima imefungwa. Majaribio yamezidi. Jaribu tena kesho."

"Kwa nini ya mama tu?" nikauliza.

"Kwa sababu ndiyo niliyokuwa natuma," alisema. "Asubuhi yote. Nilitaka njia ikifunguka tu, yeye awe ameshapata. Nikasema nianze na yeye."

Yule kijana wa simuni alisema anasikitika. Kadi ikikataliwa mara nyingi mfumo huhisi imeibwa, na wenye mamlaka ya kuifungua hawapo mpaka kesho. Wifi alimshukuru. Sijui alipata wapi shukrani.

Nilitaka kwenda kumwambia mama mimi, kwa kuwa ulimi wake naujua. Wifi akanizuia. "Niache, wifi. Ni kazi yangu." Akatoka, akachuchumaa tena palepale, akamrudishia kandambili mguuni, akamweleza yote bila kuficha: saa, ombi, kadi, kesho. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta nikisubiri radi.

Mama alimwinamia.

"Asubuhi yote?" akauliza.

"Asubuhi yote, Mama."

"Kila ulipokuwa unajaribu... ni jina langu?"

"Ni lako tu."

Mama alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, kumbe ni wa nyumbani. Kisha akainua kichwa. "Daktari! Hebu njoo hapa."

Daktari akaja.

"Huyu kaniweka mbele ya watu wote," mama alisema, akapumzika. "Saa yako ndiyo iliyoniweka nyuma." Akapumzika tena. "Sasa wewe unasemaje?"

Daktari aliitazama miguu yake. Hakutazama kitu kingine. "Mwekeni kitini," aliwaambia wauguzi. "Kibali kikija kesho, sawa. Kisipokuja, ni juu yangu."

Hapo ndipo wifi alipolia. Kutwa nzima alikuwa amevumilia kejeli na kelele, machozi yasitoke, sasa yalimtoka mbele ya kila mtu hata akashindwa kusimama. Mama alimkatalia muuguzi mkono, akamshika wifi begani, wakainuliana.

"Nyamaza, utaniliza na mimi," alimwambia. "Miye nimekatazwa kunywa maji, machozi nitayatoa wapi?"

Walitembea polepole kuelekea chumba cha viti, nami nikiwa nyuma nimebeba mkoba. Mlangoni mama akasimama kuvuta pumzi. Huwa anamwita mkwe, tangu siku ya harusi hajawahi kumwita vingine.

"Ila siku nyingine, mwanangu," alisema, "anza na mtu mwingine."