Daftari la Wapiga Kelele

Ninaikumbuka Jumatatu moja ya muhula wa pili, nikiwa Darasa la Tano, mwalimu wetu wa darasa aliponikabidhi daftari jipya na kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo mimi ndimi monita. Daftari lile lilikuwa na kazi moja tu: kuandikiwa majina ya wapiga kelele. Mwalimu alipotoka, mimi nilisimama mbele, ubao mgongoni na kalamu mkononi, na kila aliyefungua mdomo aliingia kitabuni. Aliporudia, niliweka alama ya kuzidisha mbele ya jina lake nikaandika mbili. Aliporudia tena, tatu. Huenda nawe umewahi kuandikwa hivyo, mwanangu, au umewahi kuwaandika wengine, kwa maana hata leo, katika shule ninayofundisha hapa Homa Bay, watoto huniletea karatasi za namna hiyo bila kuagizwa. Ndiyo sababu nimeona nikusimulie.

Shule yetu ilikuwa ya parokia, upande wa Migori, na kengele ya kanisa ndiyo iliyokuwa kengele yetu pia. Ilipolia saa sita mchana, kila mtu alisimama papo hapo alipokuwa, hata kama mpira ulikuwa hewani, tukasali Malaika wa Bwana huku jasho likitutiririka. Wavulana waliapa kwamba yuko mwenzao mmoja aliyewahi kufunga bao katikati ya sala, ingawa hakuna aliyekubali kuwa ndiye. Mwalimu mkuu alikuwa Sista Felista, mzaliwa wa Ndhiwa, mwanamke mwembamba aliyevaa raba za turubai, kwa hiyo hatua zake hazikusikika mpaka alipokuwa tayari ameshika fremu ya mlango.

Tangu Darasa la Kwanza nilikuwa nimekaa dawati moja na msichana aitwaye Akoth. Tulitumia rula moja na kifutio kimoja, na watu walipomwona mmoja wetu peke yake waliuliza mwingine anaumwa nini. Mama yake alifanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, kule Muhuru Bay, na wakati wa likizo Akoth alikwenda kumsaidia kuanika. Huko alicheza na watoto wa wachuuzi kutoka Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichowashinda hata baadhi ya walimu wetu.

Wiki ileile niliyopewa daftari, Sista alituletea mgeni. Aliitwa Robi, msichana wa Kikuria, ametoka Kehancha. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, na misheni ilikuwa imemwajiri ajenge zahanati. Robi alikuwa mrefu kutuzidi sote. Magoti yake yaligonga dawati kila alipogeuka. Sista alilitazama darasa zima, kisha akaniomba nihamie dawati la mbele ili mgeni akae na Akoth. Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Nilihama nimenuna.

Sababu ningeiona siku hiyohiyo laiti ningetaka kuiona. Mwalimu wetu wa hisabati, Mwalimu Odongo, alianza kila somo kwa Kiingereza kama kitabu kilivyotaka, na alipoona macho yetu yamepoa alirukia Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, hapo darasa likapata uhai. Hesabu za sehemu, nusu na robo, alitufundisha kwa samaki. Ngege mmoja yuko sahanini, nani anapewa kichwa, nani mkia, na itakuwaje mjomba akibisha hodi kabla hamjanawa mikono? Tulicheka, na katika kucheka tukaelewa. Robi hakujua Dholuo hata neno moja. Mwalimu alipotupa zoezi na kutoka, Akoth aliinama na kumweleza kwa Kiswahili kila alichosema mwalimu. Mimi, kutoka pale mbele ya ubao, niliona vichwa viwili vimekaribiana na midomo inayokwenda. Nikaandika: Akoth. Robi. Akoth mara mbili. Robi mara tatu.

Nikukirie jambo jingine, maana nasaha iliyofichwa nusu haimfai mtu. Zipo siku niliyaandika majina yale kabla hawajafungua midomo.

Walioandikwa walipata adhabu yao Ijumaa alasiri. Sisi wengine tulipokuwa kanisani tukijifunza nyimbo za Misa ya Jumapili, wao walichota maji na kupaka sakafu za madarasa samadi ya ng'ombe. Majuma matatu mfululizo Akoth na Robi walikuwa miongoni mwao. Juma la nne Mwalimu Odongo alilisoma daftari langu akatikisa kichwa.

"Hawa wawili ni redio na betri," alisema. "Tukiwatenganisha, redio itazima."

Darasa likacheka. Robi akaletwa kukaa nami.

Alikaa kwa adabu, mikono juu ya dawati. Mwalimu alipozungumza Kiingereza, alifuata kwa kidole katika kitabu. Mwalimu aliporukia Dholuo na wenzangu wakaanza kucheka, alinigeukia akanong'ona, "Amesema nini?"

"Nyamaza," nilimjibu. "Nitakuandika."

Siku ya pili aliuliza tena. Siku ya tatu hakuuliza. Wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa kivulini kando ya ukuta, aliniambia kama mtu anayezungumza na vidole vyake: "Sista alisema mwisho wa muhula nitapewa mtihani. Nikishindwa, nirudi Darasa la Nne. Baba amehamahama sana na kazi, na mimi nimerudishwa nyuma mara mbili. Amesema ya tatu ikifika, nitakaa nyumbani."

Nilisikia kila neno, mwanangu. Nilikuwa napiga mstari wa pambizo katika daftari langu, nami nikaendelea kuupiga.

Sista Felista alituingilia siku chache baadaye, darasa likiwa kimya na mimi nimesimama mbele nikijivunia ukimya wangu. Alichukua daftari la hisabati la Robi akalifungua polepole. Kurasa za mwanzo zilikuwa na alama za vyema. Halafu, tangu siku aliyohamishwa, zilijaa wino mwekundu wa makosa. Sista alizirudia kurasa zile mara kadhaa, kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama. Nilimpa daftari la majina.

"Anyango, hapa umeandika nani amesema. Umeandika wapi alichosema?"

"Ilikuwa kelele tu, Sista."

"Kelele gani? Ya kuku? Ya lori?"

Wenzangu walicheka, na kwa mara ya kwanza sikuweza kumwandika yeyote.

"Leo Robi anarudi kwa Akoth," alisema Sista. "Wewe utapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande huu jina, upande huu maneno. Ijumaa uniletee ofisini."

Jaribu kazi hiyo siku moja, uone ilivyo ngumu. Huwezi kuandika maneno ya mtu ukiwa umesimama mbali naye. Ilinibidi niteremke kutoka mbele ya ubao, nipite kati ya madawati, niiname, nisikilize. Niligundua kwamba Ouma, niliyekuwa nimemwandika zaidi ya mtu yeyote, alikuwa akiwauliza watu kama wameiona penseli yake, na penseli yenyewe ilikuwa sikioni mwake. Niligundua kwamba wavulana wa nyuma walikuwa na ubishi wa siku mbili kuhusu kiboko, kama anazaa majini au nchi kavu. Nikafika dawati la Akoth na Robi. Walinyamaza waliponiona.

"Endeleeni," nilisema. "Nimeagizwa."

"Andika kwamba tumenyamaza," alisema Akoth. "Mara tano."

Lakini zoezi lilikuwa gumu na muda ulikuwa mchache, basi wakaendelea, na mimi nikaandika.

Ijumaa Sista alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama dirishani. Ofisi yake ilinuka nta ya mishumaa. Kwa kiboko alitabasamu, kwa penseli ya Ouma akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasoma kwa sauti: "Akoth: mwalimu amesema samaki mzima ni moja, usisahau. Robi: lakini kichwa na mkia havilingani, mbona mwalimu amesema kila kipande ni nusu?" Akaniinulia macho. "Swali hili sijawahi kuulizwa na mtoto yeyote wa darasa lenu. Niambie, Anyango. Hapa kelele iko wapi?"

Nililia. Sista hakunibembeleza, alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtu mvua ipite.

"Akoth alikuwa wangu," nilisema mwishowe.

"Akoth si daftari, nyathina, uandike jina lako juu ya jalada." Nyathina, kwa lugha yetu, ni mwanangu, hakuwa na mazoea ya kutuita hivyo. "Na aliyeumia si mimi. Mimi usinililie."

Niliwakuta ndani ya darasa letu, upande wa nyuma, mikono yao imejaa samadi hadi viwikoni, maana majina niliyoyaandika kabla ya agizo la Sista yalikuwa bado yana adhabu yake.

"Monita," alisema Akoth, "leo umekuja kuhesabu ndoo?"

"Nimekuja kupaka."

"Na hizo nguo safi? Mama yako atasema tumekuroga."

Nilipiga magoti nikatia mikono katika ndoo. Nilimwambia Robi yote, pamoja na siku nilizomwandika akiwa kimya. Hakukasirika wala hakunipa pole. Alisawazisha samadi kwa kiganja mpaka kipande chake kikawa laini, ndipo akasema, "Zimebaki wiki mbili."

Tulizitumia hizo wiki mbili watatu katika dawati la wawili. Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani. Niliweza kuungama dhambi lakini sikuweza kuuliza nani amekula mkia, na hao wawili walinicheka waziwazi. Hata Mwalimu Odongo, Sista alipoongea naye, alianza kutafsiri vichekesho vyake mwenyewe, ingawa kwa Kiswahili havikuchekesha sana.

Ningependa kukuambia kwamba Robi alifaulu. Hakufaulu. Masomo mengine aliyapita, lakini hisabati ilimwangusha kidogo tu, na kile kidogo mimi nilijua kilikuwa wapi: kilikuwa katika siku zile alizokaa kando yangu. Sista hakupindisha neno lake. Robi alikusanya vitabu vyake akatuambia, "Jumatatu shule ikifunguliwa nisipokuja, mjue."

Nilikwenda ofisini bila kuitwa. "Sista," nilisema, "nataka kuonana na baba yake."

Alichukua mwavuli wake.

Baba yake Robi alikuwa kwenye zahanati, ameketi juu ya gunia, akichonga jiwe, na Robi kando yake akiokota vipande. Alimwamkia Sista kwa heshima, akanitazama mimi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimtajia baba yangu na kwetu. Halafu nikamweleza: kwamba mwalimu alifundisha kwa lugha ambayo Robi haijui, kwamba yupo aliyemweleza, na kwamba mimi ndimi niliyemziba mdomo aliyemweleza, kwa wivu.

"Na mbona unaniambia haya?"

"Kwa sababu yeye hatakuambia."

Mzee aliweka nyundo chini. "Shule mbili zimeniambia kichwa cha huyu ni kizito," alimwambia Sista. "Nami nikaamini. Nikasema, kwa nini nimtese mtoto kwa kitu ambacho Mungu hakumpa?" Akakung'uta vumbi la mawe katika mapaja. "Kumbe si kichwa."

"Si kichwa," alisema Sista.

Ndipo yule baba akamgeukia binti yake, akazungumza naye kwa Kikuria, maneno mengi, polepole, na Robi akajibu machache. Baba akasema kitu, Robi akacheka huku akifuta macho. Mimi nilisimama pale, nikitazama uso huu na uso ule, nisielewe hata neno. Mwishowe nilimshika Robi mkono wa sweta nikanong'ona, "Amesema nini?"

Robi angeweza kuninyamazisha. Alinitazama, kisha akainama kidogo, maana nilikuwa mfupi, akaniambia sikioni, "Amesema Jumatatu nije."

Mwanangu, miaka si mingi utakabidhiwa majina ya watu. Huenda ukawa kiranja, au mwalimu, au karani wa ofisi, au msimamizi wa kundi katika simu ambaye kwa kubonyeza mara moja anamwondoa mtu asisikike tena. Utafurahia mwandiko wako na ukimya utakaouleta. Nakusihi, kabla hujamwandika mtu upande wa makosa, sogea karibu usikie alikuwa anasema nini, hasa ukiwa na kinyongo naye, kwa kuwa siku hiyo masikio yako hayaaminiki. Asiyeelewa akikuuliza, mjibu, hata kama jibu litakuchelewesha. Na ukishamwandika mtu vibaya, usiridhike kulia mbele ya wakubwa wako. Mwendee yeye mwenyewe, umwendee na mzazi wake, useme ulichofanya bila kukipunguza, ungali na muda. Huenda usirudishe kile alichopoteza. Sisi hatukukirudisha, Robi alimaliza shule mwaka mmoja nyuma yetu. Lakini alimaliza.

Mungu akujalie moyo usioogopa kuinama. Akupe rafiki atakayekueleza usipoelewa, na akupe ulimi wa kuwaeleza wengine. Mama Maria akufunike kwa joho lake uendako na urudipo, na popote utakapokuwa mgeni, aketi karibu nawe mtu mwenye subira. Amina.